Nauli ya Safari ya Pili

Msiba ukitangazwa asubuhi katika kijiji chochote cha Rungwe, kufikia jioni kazi imekwisha kugawanywa. Turubai limefungwa, kuni zimeletwa, mikungu ya ndizi imeshushwa kutoka kila upande, na mtu mwenye mwandiko mzuri ameketi mezani na daftari la rambirambi. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa na mali au hakuwa nayo. Desturi hii ni ya zamani. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandikia mazishi ya watu hawa kurasa nyingi. Na kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika alikipa jina linalofasiri neno ukwangala, yaani ile raha, na ule wajibu, wa mtu kukaa na wenzake.

Mtoto anapopatwa na ugonjwa mzito, moyo ule ule huonekana. Bahasha hupitishwa kanisani, ukoo huitwa kikao, walimu wa shule hukusanya walicho nacho, na mwenyekiti wa kitongoji huandika barua. Fedha ikipatikana, mama na mtoto hupanda basi Tukuyu kwenda Mbeya, na pengine wakaunganisha hadi Dar es Salaam. Watu huwasindikiza stendi. Halafu kila mmoja hurudi shambani akiamini kwamba jambo limekwisha.

Hapo ndipo penye kasoro. Magonjwa mazito ya watoto, karibu yote, hayatibiwi kwa safari moja. Misaada, iwe ya jirani au ya mfadhili wa mbali, imezoea kulipia safari ya kwanza na tukio kubwa la matibabu, ilhali mtoto huokolewa au hupotea katika safari ya pili, ya tatu na ya sita. Hizo hazina bahasha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni uvimbe wa Burkitt, saratani ya tezi inayojulikana sana kwa kuvimbisha taya la mtoto, ingawa huweza pia kuanzia tumboni. Daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala, katika makala aliyoichapisha mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki hadi kusini zaidi kwa gari, hospitali kwa hospitali, wakiuliza wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Waligundua kwamba unafuata nchi za joto na mvua na kukwepa miinuko yenye baridi. Leo inajulikana kwamba malaria ya kudumu na kirusi cha Epstein-Barr vina mkono katika jambo hilo. Mtu anayeteremka kutoka baridi ya Tukuyu hadi joto la Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anaipita mipaka hiyo yote miwili katika safari ya asubuhi moja, na familia nyingi za Rungwe zina ndugu na mashamba ya mpunga huko chini.

Uvimbe huu ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kubwa kupita saratani nyingine za binadamu. Kwa sababu hiyo hiyo huitika dawa upesi ajabu. Baada ya sindano za mzunguko wa kwanza, taya lililovimba kama embe huanza kunywea ndani ya siku chache. Mtoto hutafuna tena. Hucheka. Mama aliyekuwa amekata tamaa humwona mwanawe amerudi, na nani atamlaumu akihesabu siku alizokaa mbali na nyumbani na kuamua kwamba sasa yatosha? Ameambiwa arudi baada ya wiki mbili. Lakini mchango wa kijiji uliisha kwenye basi la kuja, na mtoto anayecheza uwanjani haombewi mchango mwingine. Chembe chache za saratani zilizobaki hazionekani kwa macho. Zikirudi, mara nyingi hurudi zikiwa sugu kuliko zilivyokuwa, na dawa zilizofanya kazi mwanzoni huenda zisifanye tena.

Wataalamu huliita jambo hili kuacha matibabu, maneno yanayompa mzazi hatia isiyo yake. Wazazi wengi hawajaacha kitu. Wameishiwa.

Hesabu ya kuishiwa huko haionekani katika ankara ya hospitali. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mtoto mmoja na mzazi mmoja ni nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na kama kuna mtoto anayenyonya naye yupo mgongoni. Kuna chakula cha anayeuguza, maana wodi humlisha mgonjwa. Kuna sabuni, kuna vocha ya simu, kuna mahali pa kulala siku mtoto anaporuhusiwa lakini ametakiwa kurudi kliniki keshokutwa. Na kuna gharama iliyobaki nyumbani. Chai ya Rungwe huchumwa kwa mzunguko wa siku chache, na isipochumwa kwa wakati jani hukomaa na kiwanda hakilitaki. Ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani huhitaji majani kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Na Tukuyu, kama kila aliyewahi kulala huko anavyojua, hunyesha. Watoto waliobaki huachwa kwa bibi, na yule binti mkubwa ndiye hukosa shule.

Kwa hiyo matibabu yanaweza kuwa bure kabisa na bado yakamshinda mtu.

Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa sababu Tanzania imepiga hatua ambayo haisemwi vya kutosha vijijini. Huduma ya saratani za watoto, iliyokuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilihamishiwa Muhimbili mwaka 2011, na shirika la hiari la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na hospitali hiyo ili watoto watibiwe bila familia kulipa. Shirika hilo pia lina nyumba ya kufikia familia zinazotoka mbali, iitwayo Ujasiri. Waliobuni nyumba hiyo walielewa jambo ambalo wafadhili wengi hawalielewi, kwamba kitanda cha mama ni sehemu ya dawa ya mtoto. Ni busara vilevile kwamba kazi hiyo haikuachwa Dar es Salaam peke yake. Kila huduma inayosogezwa hospitali za kanda, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, humpunguzia mzazi wa Rungwe mamia ya kilomita.

Saratani siyo peke yake. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo huwekewa plasta inayobadilishwa kila wiki, wiki kadhaa mfululizo, kisha huvaa viatu maalumu usiku hadi anapokaribia miaka minne au mitano. Akikatisha, mguu hujipinda upya. Mtoto mwenye kichwa maji aliyewekewa mpira wa kupitisha maji anaweza kuhitaji kurudishwa hospitali usiku wowote mpira ukiziba. Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Sindano yenyewe ni ya bei ndogo na huweza kuchomwa kituo cha afya cha karibu. Ni rahisi kumpata mhisani wa kulipia upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Mungu awabariki wanaofanya hivyo. Ni vigumu sana kumpata mhisani wa kulipia sindano ya mwezi wa kumi na saba. Upasuaji una siku yake, una picha yake, una daktari mwenye vazi la kijani. Nauli ya bodaboda kwenda zahanati haina sherehe.

Kuna watakaosema kwamba mzigo huu ni wa serikali, na bima ya afya ikiwafikia wote suala litakwisha. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na hakuna mfuko wa hisani unaoweza kufanya kazi ya bima iliyo imara. Lakini lazima kusema wazi bima hufanya nini. Hulipa hospitali. Hailipi basi, wala hailishi waliobaki nyumbani. Msamaha nao una ukomo wake. Sera ya nchi humsamehe gharama mtoto wa chini ya miaka mitano, na ni sera njema. Ila uvimbe wa Burkitt hupenda zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, na saratani haiulizi cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa miaka saba hutegemea bima ya wazazi, au barua ya Ustawi wa Jamii inayothibitisha kwamba familia haina uwezo.

Yaliyoipata Toto Afya Kadi yana funzo hapa. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto akapata huduma za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa kusajili watoto kupitia shule. Sababu iliyotajwa ni kwamba wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, na mfuko wa namna hiyo hauwezi kusimama. Wazazi hawakuwa wabaya. Walifanya kile ambacho kijiji kizima hufanya, kusubiri ugonjwa uingie ndani ndipo mkono uingie mfukoni.

Je, kulipia nauli kunaleta tofauti inayopimika? Jibu lipo ng'ambo tu ya mto Songwe. Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi chache za Afrika ambazo hospitali zake ziliungana kutibu saratani ya figo ya watoto iitwayo Wilms kwa utaratibu mmoja, zikiongeza msaada wa nauli na gharama za matibabu kwa familia pamoja na ufuatiliaji wa karibu. Kabla ya hapo, watoto 23 katika kila 100 walikatiza matibabu. Baada ya hapo wakawa 12. Waliomaliza matibabu wakiwa hai na bila dalili za ugonjwa walipanda kutoka 52 katika kila 100 hadi 69. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Nauli haikufanya kazi peke yake, kwa kuwa tiba yenyewe nayo ilipangwa vizuri zaidi, lakini ni mhudumu gani wa wodi atakayeshangaa kusikia kwamba mtoto anayerudi hupona kuliko asiyerudi? Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la walau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani kupona ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa dawa tupu.

Tatizo jingine, ambalo si la fedha, ni picha. Siku hizi mtoto mwenye uvimbe hupigwa picha akiwa uchi wa kiuno, uso wote ukionekana, ikasambazwa katika makundi ya simu pamoja na namba ya kutumia pesa. Anayefanya hivyo mara nyingi ana nia njema na hajui njia nyingine. Lakini picha ile haifutiki. Mtoto akipona na kurudi darasa la tatu Katumba au Kiwira, wenzake wanayo. Tena utaratibu huo humpa fedha mwenye uvimbe wa kutisha na kumnyima mwenye ugonjwa usioonekana, kama lukemia ambayo matibabu yake huchukua miaka miwili hadi mitatu, au moyo wenye tundu. Matapeli nao wamegundua kwamba picha haina mwenyewe. Wahudumu wa afya wasishiriki usambazaji huo, hata mzazi akiomba kwa machozi. Wamwoneshe kwanza mlango wa Ustawi wa Jamii, ambao wazazi wengi hulala wodini wiki nzima bila kujua kwamba upo.

Na mhudumu wa zahanati, ambaye ndiye huona uvimbe wa kwanza, ana nafasi ambayo profesa hana. Barua ya rufaa huandikwa kwa ajili ya daktari atakayeipokea. Ingefaa pia mzazi aelezwe kwa mdomo, kwa lugha anayoota nayo, mambo ambayo barua haisemi: kwamba matibabu ni ya mizunguko, kwamba uvimbe kupungua siyo kupona, kwamba atahitaji nauli mara kadhaa na si mara moja, kwamba akikwama apige simu kabla ya tarehe kupita. Mzazi akijua hayo kabla ya kikao cha ukoo, ataomba mchango kwa namna nyingine. Hataomba laki zote zitumike siku moja. Vilevile mtoto aliyeruhusiwa Muhimbili au Mbeya akirudi kijijini, zahanati ile ile ndiyo ingepaswa kujua tarehe yake ya kurudi. Kwa sasa, mara nyingi tarehe hiyo huwa katika kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa mama, na mvua ya Rungwe huimaliza.

Fedha zenyewe zipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Karibu kila kijiji cha wilaya, na cha Busokelo pia, kina vikundi vya VICOBA au vya kuweka na kukopa, na vikundi hivyo kwa kawaida huwa na mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huuchangia kidogo katika kila mkutano. Katiba nyingi husema mfuko huo utolewe kwa msiba na kwa ugonjwa. Kwa msiba kiwango huwa kimeandikwa. Kwa ugonjwa huachwa mikononi mwa kikao, na kikao huamua kwa kutazama sura ya mgonjwa. Badiliko linaloombwa ni dogo, la kifungu kimoja: mtoto mwenye barua ya rufaa na kadi ya kliniki yenye tarehe alipiwe nauli ya kila tarehe iliyoandikwa, bila mjadala mpya na bila mama kusimama mbele za watu kujieleza upya. Vyama vya wakulima wa chai, ambavyo tayari vina utaratibu wa makato kwenye malipo ya mwanachama, vingeweza kufanya hivyo kwa eneo kubwa zaidi. Makanisa, ambayo ni mengi Rungwe tangu Wamoravia walipoweka kituo chao mwaka 1891, yangeweza kuwa na sadaka moja kwa mwezi yenye kazi hiyo tu.

Wapo wenye wasiwasi kwamba fedha za nauli zitanywewa na baba. Pengine mara moja moja itatokea. Basi tiketi ikatwe stendi na mweka hazina, au fedha itumwe kwa simu ya mama siku moja kabla ya safari, na kadi ya kliniki ioneshwe akirudi. Ni udhibiti wa kutosha. Kuwa mkali kuliko hapo ni kumpa mama wa mtoto mgonjwa kazi ya kuthibitisha umaskini wake kila wiki mbili, jambo ambalo hakuna anayelifanya kwa mfiwa.

Hata asiye na fedha ana la kutoa. Mama akiwa wodini Mbeya, safu zake za chai zinaweza kuchumwa na majirani kwa zamu na mzani ukaandikwa kwa jina lake. Ng'ombe akapata majani. Yule binti mkubwa akaenda shule. Vijiji hivi vimeyafanya hayo kwa wafiwa miaka yote na havihitaji semina.

Kwa kuanzia, mweka hazina wa kikundi aiandike tarehe ya kurudi kliniki katika daftari lake, kando ya tarehe ya mkutano ujao, ili aione kabla mama hajalazimika kuja kuomba.